Magita ya Jimi Hendrix: yalikotoka na yalikoishia

Mwezi wa Aprili mwaka wa 1990, katika mnada wa Sotheby's jijini London, gita moja jeupe la umeme liliuzwa kwa pauni 198,000. Halikuwa limepambwa kwa dhahabu wala lulu. Lilikuwa gita la kiwandani la aina ya Fender Stratocaster, lililoundwa Marekani mwaka wa 1968 pamoja na mengine chungu nzima yaliyofanana nalo kama mayai ya kuku mmoja. Kilichopandisha bei yake ni jina la mtu aliyepata kulishika, naye wakati huo alikuwa amekwisha kulala kaburini kwa karibu miaka 20. Mtu huyo ni Jimi Hendrix.

Tangu afariki, wako watu waliofanya kazi ya kuyasaka magita yake kama wawindaji wanavyofuata nyayo. Na kazi hiyo si rahisi, kwa maana marehemu mwenyewe hakuwa mtu wa kuyaweka akiba. Yaliibwa, yaliwekwa rehani, aliyagawa, mengine aliyavunja au kuyatia moto mbele ya umati. Anayetaka kujua yalikotoka hana budi kuyafuata maisha yake toka mwanzo, na mwanzo huo ulikuwa wa dhiki.

Alizaliwa tarehe 27 Novemba 1942 mjini Seattle, kaskazini-magharibi mwa Marekani, akapewa jina la Johnny Allen. Mama yake, Lucille, alikuwa na umri wa miaka 17 tu, na baba yake, Al Hendrix, alikuwa jeshini wakati wa vita vikuu. Mtoto alilelewa huku na huku, hata baba aliporudi vitani ilimbidi kwenda kumchukua California kwa watu waliokuwa wakimtunza. Mwaka wa 1946 akambadilisha jina na kumwita James Marshall. Wazazi waliachana mwaka wa 1951, na Lucille akafa mapema mwaka wa 1958, mwanawe akiwa na miaka 15.

Kabla ya gita kulikuwa na ufagio. Mtoto huyo aliushika ufagio nyumbani na shuleni akijifanya anapiga muziki. Kisha siku moja mwaka wa 1957, alipokuwa akimsaidia baba yake kuondoa takataka katika nyumba ya mama mmoja mzee, aliokota ukulele, kigita kidogo kilichosalia na uzi mmoja. Akaruhusiwa kukichukua. Kwa uzi huo mmoja alijifunza kufuatisha nyimbo alizozisikia redioni. Mwaka uliofuata akapata gita la kawaida, lisilo la umeme, kwa dola 5.

Gita lake la kwanza la umeme ndilo linalonigusa mimi kuliko lile jeupe la mnadani. Lilikuwa Supro Ozark, jeupe vilevile, nalo lilinunuliwa mwaka wa 1959 katika duka la Myers mjini Seattle. Al alilichukua kwa malipo ya polepole, na inasimuliwa kwamba siku hiyohiyo alijichukulia na saksafoni yake apate kupiga pamoja na mwanawe. Malipo yalipomlemea, mzee aliirudisha saksafoni dukani na kuliacha gita kwa mtoto. Haukupita muda mrefu likaibwa. Kijana alikuwa ameliacha usiku nyuma ya jukwaa la klabu moja iliyoitwa Birdland, na asubuhi halikuwapo.

Hasira za mzee zilikuwa kubwa, lakini akanunua jingine, Danelectro jekundu la bei nafuu lililouzwa na maduka ya Sears kwa jina la Silvertone. Juu yake kijana aliandika jina la msichana wake, Betty Jean. Gita hilo lina historia ya pekee. Mwezi wa Mei mwaka wa 1961 Hendrix alikamatwa mara mbili akiwa ndani ya magari ya wizi, akapewa kuchagua baina ya jela na jeshi. Akachagua jeshi, akapelekwa katika kikosi cha askari wa miavuli cha 101 huko Fort Campbell, jimbo la Kentucky. Gita lilibaki Seattle. Alimwandikia baba yake akimsihi amtumie, na mwanzoni mwa mwaka wa 1962 likafika. Toka hapo askari mwenyewe akawa hana habari tena na bunduki. Wenzake walimchezea kwa kumfichia gita lake. Mwezi wa Juni mwaka huohuo alitolewa jeshini, wakubwa wake wakiwa wamekata tamaa naye.

Faida moja aliyoipata jeshini ni urafiki wa Billy Cox, mpiga gita la besi. Wawili hao walihamia Nashville, wakapiga muziki katika vilabu vya watu weusi. Katika miaka hiyo magita yalipita mikononi mwake kama nauli. Likiisha hili likaja jingine, na fedha zikipungua lilikwenda kwa mwenye duka la rehani. Alipofika New York mwaka wa 1964 alishinda mashindano ya chipukizi katika ukumbi wa Apollo, zawadi ikiwa dola 25, kisha akawa mpigaji wa nyuma wa kina Isley Brothers na Little Richard. Picha za wakati huo zinamwonyesha na gita dogo la Fender Duo-Sonic. Mwaka wa 1965 alitia sahihi mkataba kwa malipo ya dola 1 tu, na mkataba huo ukaja kumsumbua mahakamani mpaka siku zake za mwisho.

Sasa, jambo moja lazima lielezwe, kwa sababu ndilo linalowasaidia wasakaji kuyatambua magita yake. Hendrix alikuwa wa mkono wa shoto. Kama wazee wa kwetu wanavyomkaripia mtoto anayekula kwa mkono huo, ndivyo na Al alivyouona kuwa wa shetani, na nduguye Jimi, Leon, amesimulia jinsi mwenzake alivyokuwa akiligeuza gita na kupiga kwa kulia kila baba alipoingia. Magita ya mashoto yalikuwa adimu. Kwa hiyo alichukua la kawaida, akalipindua juu chini, na kuzifunga upya nyuzi zake. Vitufe vya kurekebisha sauti pamoja na mkono wa chuma wa kuitetemesha vikawa juu badala ya chini. Zaidi ya hayo, kinasa-sauti cha mwisho cha Stratocaster hufungwa mshazari, ili nyuzi nyembamba zitoe sauti kali na nyuzi nene ziwe nzito. Gita likipinduliwa, mshazari nao hupinduka. Nyuzi nene zikawa na ukali na nyembamba zikapata ulaini. Kwa hiyo sehemu ya sauti ile iliyowashangaza watu ilizaliwa na uhaba wa magita.

Stratocaster yenyewe ilitolewa na Leo Fender huko Fullerton, California, mwaka wa 1954. Jinsi ilivyomfikia Hendrix ni kisa. Mwaka wa 1966 msichana Mwingereza, Linda Keith, aliyekuwa mchumba wa Keith Richards wa Rolling Stones, alimwona akipiga katika klabu moja New York, akaona huyu si mpigaji wa nyuma. Akamwazima Stratocaster nyeupe. Gita lilikuwa mali ya Richards, naye hakuulizwa! Richards mwenyewe alikieleza kisa hicho katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka wa 2010. Linda ndiye pia aliyemleta Chas Chandler wa kikundi cha Animals amsikilize katika Café Wha?, na tarehe 24 Septemba 1966 Chandler akamshusha kijana London. Huko walimpata Noel Redding wa besi na Mitch Mitchell wa ngoma, na Jimi Hendrix Experience ikazaliwa.

Umaarufu ulikuja kwa kasi, nao ulikuja na moto. Tarehe 31 Machi 1967, katika ukumbi wa Astoria, Finsbury Park, alilimwagia gita mafuta ya kiberiti cha gesi na kuliwasha. Tarehe 18 Juni alirudia jambo hilo huko Monterey, California, safari hii kwa gita alilokuwa amelipamba kwa rangi kwa mkono wake mwenyewe. Lakini alikuwa na hesabu zake: sehemu kubwa ya onyesho alipiga gita jeusi, na lile la kuchomwa alilitwaa kwa wimbo wa mwisho tu.

Ni hayo ya kuungua yaliyoleta ubishi. Mwanamuziki Frank Zappa alipewa na mfanyakazi wa Hendrix gita lililoungua, akalitengeneza na kulipiga kwa miaka, na ikasemwa kuwa ni la Miami la mwaka wa 1968. Mwanawe alipolipeleka mnadani mwaka wa 2002, halikuuzwa. Jingine, lililotajwa kuwa la Astoria, liliuzwa London mwaka wa 2008 kwa pauni 280,000. Gita lililoungua ni shahidi mgumu, maana moto unakula alama.

Na alama ndizo zinazotafutwa. Nyuma ya kiwiliwili cha Fender kuna bamba la chuma la skurubu nne lenye nambari. Shingo ikifunguliwa, kwenye kisiki chake mna tarehe ya kiwandani. Vitufe vya sauti navyo kwa ndani vina tarakimu za aliyevitengeneza, mwaka na wiki. Hata kichwa cha gita husema, kwa sababu kampuni ya CBS ilipoinunua Fender mwaka wa 1965, haukupita muda kichwa kikafanywa kikubwa zaidi. Lakini tarakimu zinaeleza gita liliundwa lini tu. Nani alilipiga ni swali jingine, na hapo ndipo picha za zamani zinapowekwa kando ya gita na kulinganishwa mchubuko kwa mchubuko.

Lile jeupe la mnadani lilikuwa na ushahidi wa kutosha. Nambari yake ni 240981. Kichwani lina alama za sigara, kwani Hendrix alizoea kuchomeka sigara iwakayo kwenye ncha za nyuzi huku akipiga. Ndilo alilopigia Woodstock asubuhi ya tarehe 18 Agosti 1969, mbele ya wachache waliosalia kati ya watu wapatao 400,000, alipougeuza wimbo wa taifa la Marekani kuwa kishindo cha mabomu wakati vijana wa nchi hiyo wakifa Vietnam. Baadaye alimpa Mitch Mitchell, na Mitchell ndiye aliyeliuza.

Kwa wengine pia alikuwa mkarimu. Gibson Flying V ya mwaka wa 1967, aliyoichora maua na mapambo kwa rangi ya kucha, alimpa Mick Cox wa kikundi cha Eire Apparent. Hatimaye Gibson walimtengenezea Flying V nyeusi ya mashoto hasa, nyuzi na vitufe vyote mahali pake. Alipanda nayo jukwaani katika kisiwa cha Wight usiku wa kuamkia tarehe 31 Agosti 1970. Siku 18 baadaye, tarehe 18 Septemba, alikufa London baada ya kumeza vidonge vingi vya usingizi, akiwa na miaka 27. Mchunguzi wa vifo hakutoa uamuzi wa mwisho juu ya sababu. Alizikwa Renton, karibu na Seattle. Jiwe la kaburi lilichongwa picha ya Stratocaster, nalo limesimama wima, kwa mpigaji wa kulia.

Mzee Al, yule aliyerudisha saksafoni dukani, hakuwa na usemi juu ya muziki wa mwanawe kwa zaidi ya miaka 20, kwa kuwa haki zilikuwa mikononi mwa wakili na makampuni. Mwaka wa 1993 alifungua kesi, na mwaka wa 1995 akarudishiwa. Aliyemsaidia kwa fedha za kesi ni tajiri wa Seattle, Paul Allen, mmoja wa waanzilishi wa Microsoft. Allen huyohuyo ndiye aliyelinunua gita jeupe na kuliweka katika jumba la makumbusho alilolifungua mjini humo mwaka wa 2000. Al alifariki mwaka wa 2002, akaurithisha urithi huo kwa binti yake wa kulea, Janie. Leon, aliyelala kitanda kimoja na Jimi katika miaka ya njaa, alikwenda mahakamani akashindwa mwaka wa 2004. Wosia ulimpa santuri moja ya dhahabu.