Al-Kashi: Mwanachuoni aliyetaka kosa lake lisizidi unywele wa farasi

Huku kwetu Kyimo, kando ya barabara itokayo Mbeya kwenda Tukuyu hadi Kyela, mvua si mgeni. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2000 za mvua kwa mwaka, na kwa mkazi wa huku paa linalovuja si jambo la kusubiri mwezi ujao.

Msikiti mmoja wa jirani ulifikia hatua ya kuweka kuba. Waumini, wengi wao wakulima na wauza ndizi, walichanga kidogo kidogo mpaka fedha zikatosha. Fundi akaitwa, akaitazama fremu ya nondo, akataja idadi ya bati bapa zinazohitajika. Bati zikanunuliwa, kazi ikaanza, na kabla ya kufika kileleni bati zikaisha. Sehemu ya juu ikafunikwa turubai. Mvua ikanyesha, mazulia yakalowa, na maneno yakaanza. Wapo waliosema fundi ameziuza. Wapo waliomgeukia mweka hazina. Watu waliokuwa wakisimama safu moja katika swala wakaacha kusalimiana.

Nami nakiri. Nilikuwamo katika kikao kilichopitisha idadi ile, mwalimu niliyepita chuo kikuu, na sikumuuliza fundi ameipataje. Nilitikisa kichwa pamoja na wenzangu.

Ndugu msomaji, jambo hili ndilo lililonirudisha kwa mtu mmoja ambaye Waislamu wengi wa leo hawamjui hata kwa jina, ingawa wanahisabati wa dunia nzima wanamtambua. Huyo ni Ghiyathuddin Jamshid al-Kashi, aliyefariki karibu miaka 600 iliyopita. Maisha yake yanatufundisha kwamba hesabu sahihi ni sehemu ya uaminifu.

Kijana wa Kashan

Al-Kashi alizaliwa karibu na mwaka 1380 katika mji wa Kashan, nchi ambayo leo ni Iran. Hakuzaliwa katika raha. Miaka ya ujana wake ilikuwa miaka ya vita vya Timur, na umasikini ulikuwa umeenea katika miji ya nchi ile. Yeye mwenyewe aliishi katika dhiki, akihama mji hadi mji, huku akisoma falaki na hisabati.

Tukio la kwanza la maisha yake lenye tarehe ya uhakika ni la Juni 2, 1406, alipochunguza kupatwa kwa mwezi akiwa Kashan. Mwaka uliofuata alimaliza kitabu kuhusu umbali na ukubwa wa sayari na nyota. Hebu tujiulize: mtu asiye na mshahara, nchi ndiyo kwanza inatulia baada ya vita, anapata wapi nguvu ya kuhesabu umbali wa nyota? Leo mtoto wetu akikosa kikokotoo siku moja tu, tayari somo limemshinda.

Mwaka 1414 hivi alikamilisha majedwali ya falaki, ambayo wataalamu huyaita zij, akayatunuku kwa Ulugh Beg, mjukuu wa Timur aliyekuwa akitawala Samarkand. Mwaka 1416 akaandika kuhusu chombo alichokibuni mwenyewe, sahani ya kupimia mahali zilipo sayari. Kwa kusogeza sehemu za sahani hiyo, mtu aliweza kupata majibu ambayo kwa kalamu yangemgharimu hesabu ndefu. Kwa lugha ya leo, kilikuwa chombo cha kuiga mwendo wa sayari mezani. Mbingu haishikiki kwa mkono, hivyo mtu huunda mfano wake na kuuliza maswali yake kwenye mfano huo.

Samarkand

Ulugh Beg alikuwa mtawala wa namna ya pekee. Alijua hisabati kwa undani, na kati ya mwaka 1417 na 1420 alijenga madrasa kubwa Samarkand, ambayo jengo lake lingalipo hadi leo katika nchi ya Uzbekistan. Katika madrasa hiyo falaki na hisabati zilisomeshwa pamoja na elimu ya dini, bila mtu kuona ajabu. Akaanzisha pia kituo cha kuchunguza nyota chenye kipimo kikubwa cha tao, ambacho nusu kipenyo chake kilikuwa karibu mita 40. Al-Kashi akaitwa kushiriki kazi hiyo.

Barua alizomwandikia baba yake kutoka Samarkand zimehifadhiwa. Ndani yake anaonekana mtoto anayetaka mzazi ajue kwamba taabu haikupotea bure. Anamweleza jinsi wanachuoni walivyokusanyika kwa makumi, na jinsi mtawala mwenyewe alivyojadiliana nao. Anakiri pia, bila kujificha, kwamba wengi wa wale waliokusanyika hawakumfikia kwa elimu, isipokuwa Ulugh Beg na Qadi Zada al-Rumi. Inaelezwa kuwa hakuzijua sana adabu za ikulu, lakini mtawala alimvumilia kwa sababu ya elimu yake. Watawala wa namna hiyo ni wachache katika kila zama.

Duara na unywele

Sasa tufike kwenye kazi iliyompa jina. Kila mwanafunzi wa sekondari anaijua pai, namba tunayoipata tukigawa mzingo wa duara kwa kipenyo chake. Shuleni tunatumia 22 kwa 7 tukaridhika. Kabla ya al-Kashi, Wachina walikuwa wameifikia kwa usahihi wa takriban tarakimu 7 baada ya nukta tangu karne ya 5.

Al-Kashi alianza kwa namna tofauti na wengi waliomtangulia. Hakuanza kukokotoa akangoja kuona atafika wapi. Alianza kwa kuuliza: nataka kosa langu lisizidi kiasi gani? Akajiwekea sharti. Achukue duara ambalo kipenyo chake ni mara 600,000 ya kipenyo cha ardhi, ukubwa aliouona kuwa unaizidi mbingu yote iliyojulikana wakati wake. Katika mzingo wa duara hilo, kosa lisifike hata unene wa unywele wa farasi.

Kisha akatafuta atahitaji hatua ngapi kutimiza sharti hilo. Njia ilikuwa kuchora ndani ya duara umbo lenye pande nyingi, kisha kuziongeza pande mara mbili, tena mara mbili, mpaka umbo likaribie kabisa kuwa duara. Jibu lilikuwa umbo lenye pande 805,306,368. Bila shaka hakulichora. Alikokotoa kwa mkono kipeuo cha pili baada ya kipeuo cha pili, hatua 28, kila hatua ikiwa na msururu wa tarakimu, huku akihakiki kila jibu kabla ya kusonga mbele. Mwaka 1424 alikuwa na pai sahihi kwa tarakimu 16 baada ya nukta. Hakuna aliyempita mpaka Ludolph van Ceulen wa Uholanzi mwaka 1596, yaani miaka 172 baadaye.

Tuzingatie hapa. Kompyuta za kawaida wanazotumia wahandisi leo, zikifanya hesabu zao za kila siku, hubeba namba zenye tarakimu muhimu 15 hadi 17 hivi. Mzee wetu yule alifika hapo kwa wino na karatasi.

Kukisia, kurekebisha, kurudia

Kazi yake ya pili ilikuwa kutafuta sini ya pembe ya digrii 1. Majedwali yote ya falaki yalitegemea namba hiyo, na hapakuwa na njia ya jometri ya kuifikia moja kwa moja. Al-Kashi aliligeuza tatizo kuwa mlinganyo wa daraja la tatu, kisha akautatua kwa kurudia. Unaanza na jibu la kukisia. Unaliingiza katika mlinganyo, linatoka jibu bora zaidi. Unaliingiza hilo tena, linatoka bora kuliko la kwanza. Unaendelea mpaka tarakimu unazozihitaji ziache kubadilika.

Njia hiyo ndiyo uti wa mgongo wa kile ambacho wahandisi na wanasayansi wa leo wanakiita uigaji kwa hesabu. Daraja, bawa la ndege, maji ya moto yaliyo chini ya ardhi au mawingu yaliyo juu yetu, vyote havina jibu la mstari mmoja. Kwa hiyo kitu hugawanywa katika vipande vidogo vidogo, kila kipande kikapewa namba zake, na kompyuta ikarudia hesabu mara mamilioni. Ndivyo Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania inavyosaidiwa kukadiria mvua. Anga hugawanywa katika visanduku, joto, unyevu na upepo wa kila kisanduku vikakokotolewa, hatua kwa hatua ya muda.

Mwingereza Lewis Fry Richardson aliijaribu kazi hiyo ya hali ya hewa kwa mkono na kuichapisha mwaka 1922. Jibu lake lilikuwa mbali mno na ukweli, kwa sababu vipimo alivyoanzia vilikuwa na dosari, na dosari ile ikakua kadiri hesabu ilivyosonga. Mpaka mwaka 1950, kompyuta ilipotumika Marekani, ndipo njia yake ilipoanza kuzaa matunda. Funzo ni lile lile la al-Kashi: anayehesabu lazima ajue kosa lake linaanzia wapi na litafika wapi. Hata neno algorithimu, linalotajwa kila siku katika mambo ya kompyuta, limetokana na jina la Muislamu mwingine, al-Khwarizmi wa Baghdad wa karne ya 9.

Ufunguo kwa mafundi

Mwaka 1427 al-Kashi alikamilisha kitabu kikubwa, Miftah al-Hisab, yaani Ufunguo wa Hesabu. Hakukiandikia wanafalaki peke yao. Aliwakusudia pia wapimaji ardhi, wajenzi, makarani na wafanyabiashara. Ndani yake alieleza vizuri matumizi ya desimali, na akatenga nafasi ya kupima matao, makuba na mapambo ya dari za misikiti. Hakuwatwisha mafundi uthibitisho mgumu. Aliwapa namba za kuzidisha na vipimo vya jengo ili wapate eneo na ujazo.

Niliposoma habari hiyo niliona haya. Mtu aliyeipima mbingu kwa unywele hakuona aibu kumsaidia fundi wa kuba. Sisi tuliosoma tulikaa kikaoni tukamwacha fundi akisie.

Al-Kashi alifariki Juni 22, 1429, katika mwezi wa Ramadhani mwaka 832 Hijria, hapo hapo kwenye kituo cha nyota nje ya Samarkand, kabla majedwali makubwa ya Ulugh Beg hayajakamilika. Wenzake waliyamaliza, na Ulugh Beg akamkumbuka kwa sifa. Mtawala huyo naye aliuawa mwaka 1449 kwa amri ya mwanawe. Kituo kikaharibiwa, na magofu yake yakaja kugunduliwa mwaka 1908. Umma ukiipuuza elimu, hata majengo yake hufukiwa na udongo.

Turudi kwenye kuba

Nilimwomba mwanafunzi wangu mmoja wa kidato cha tatu, binti mwenye kupenda hisabati, tulipime kuba lile upya. Halikuwa nusu ya mpira kamili. Limechongoka juu, hivyo kanuni ya kitabuni haikutosha. Tukaligawa kwa mistari katika pete 10, tukapima kila pete, tukajumlisha. Kisha tukaligawa katika pete 20. Jibu lilibadilika kidogo sana, nasi tukajua tumekaribia ukweli. Tukaongeza sehemu inayopotea katika kukata na kupandisha bati.

Matokeo yalinyamazisha kikao. Bati zote zilizonunuliwa zilikuwa juu ya kuba, hakuna hata moja iliyopotea. Idadi ya mwanzo ndiyo iliyokuwa pungufu, na hapakuwa na mwizi. Waliomtuhumu mweka hazina walisimama wakamwomba radhi, nami nikawa miongoni mwao, kwani kunyamaza kwangu ndiko kulikompa mzigo ule. Mchango wa pili ulikuwa mdogo, na safari hii kila mtu alijua unakwenda wapi.

Wapo wazazi wanaowaambia watoto kwamba hisabati ni elimu ya dunia tu, haina malipo. Nawaomba wafikiri upya. Tunasisitiziwa kupima kwa haki na kutopunja. Atapimaje kwa haki asiyejua kupima? Na mtu akisingiziwa wizi kwa sababu ya hesabu mbovu, dhambi hiyo tutaibeba sisi tuliokataa kuhesabu.

Al-Kashi hakuacha dola wala hazina. Aliacha namba zilizo sahihi na desturi ya kuuliza, kabla ya kuanza kazi, kosa letu lisizidi kiasi gani. Kamati zetu za misikiti na shule zianze na swali hilo. Wabillahi tawfiq.