Norbert Wiener: Daktari Aliyerudi Darasani

Sisi tuliolelewa vyuoni twajua kuwa mtoto aweza kukhitimu msahafu upesi, na mwalimu mwenye busara asimwachie kwenda zake. Humrudisha juzuu ya kwanza. Norbert Wiener, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1894 mjini Columbia, Missouri, hakurudishwa mapema.

Baba yake, Leo, alikuwa mjuzi wa lugha nyingi na mwalimu wa Harvard. Ndiye huyo aliyeandika, kuanzia 1920, kuwa Waafrika walifika Marekani kabla ya Columbus. Alimsomesha mwanawe nyumbani, na kosa dogo la aljebra lilitosha kumtoa mtoto machozi. Macho yalipodhoofika akiwa na miaka minane, tabibu alimkataza kusoma kwa miezi sita. Akasomeshwa kwa masikio, hesabu akazifanya kichwani.

Aliingia Chuo Kikuu cha Tufts akiwa na miaka 11, na mwaka 1909, akiwa na 14, akatoka na shahada ya hisabati. Hapo ndipo matata yalipoanza. Akaenda Harvard kusoma elimu ya wanyama, naye haoni vyema na mikono yake mizito, maabara ikamshinda. Mwaka 1910 akapelekwa Cornell kusoma falsafa, msaada wake wa masomo usiendelezwe. Mwaka 1911 yuko Harvard tena.

Mwaka huohuo jarida moja likachapisha maneno ya baba, kwamba kijana hana kipawa cha pekee, ni malezi tu. Norbert akayasoma. Akaona kuwa akifaulu sifa ni za baba, akianguka aibu ni yake mwenyewe. Leo alikuwa mwalimu hodari, lakini hapa mimi simtetei.

Mwaka 1913, akiwa na miaka 18, alipata udaktari kwa tasnifu ya mantiki, akavuka bahari hadi Cambridge, Uingereza, kwa Bertrand Russell. Russell akamshauri aongeze hisabati. Basi daktari mzima akaketi tena na wanafunzi kumsikiliza Hardy, ambaye hakuacha kumshukuru maisha yake yote. Russell alimwelekeza pia kwenye maandishi ya Einstein ya 1905. Miongoni mwake mlikuwa na habari za vichembe vinavyotangatanga majini, navyo ndivyo Wiener alivyokuja kuvipatia hisabati yake katika miaka ya 1920. Mwaka 1914 alikwenda Göttingen, Ujerumani, kwa Hilbert na Landau.

Tangu 1919 alisomesha MIT, na mwaka 1948 akatoa kitabu cha sibanetiki, elimu ya namna viumbe na mashine zinavyojiongoza. Alifia Stockholm, Machi 1964.