Maisha ya Frederick Selous, Mwindaji

Mara hii hatuleti maisha ya mfalme wala ya mhubiri. Tunaleta ya mwindaji mmoja Mwingereza, Frederick Courteney Selous, na sababu yake tutaisema wazi.

Katika vakansi iliyopita tulikuwa vijana watatu porini, mbali na Kolwezi, pamoja na mjomba wa mmoja wetu na bunduki yake ya baruti. Jua likiwa linazama tuliona swala mdogo ng'ambo ya kijito. Mjomba alisema tuache, ni mbali. Sisi tukamsihi mpaka akachoka, akampa mmoja wetu bunduki. Risasi ilimpata swala tumboni, naye akakimbia. Tulifuata damu mpaka giza, asubuhi tukarudi tena, wapi! Hatukumwona. Njiani kurudi hakuna aliyefungua kinywa. Baadaye tulisoma habari za Selous, tukajiona ndani yake.

Alizaliwa London tarehe 31 Desemba 1851. Tangu utoto akili yake yote ilikuwa kwa ndege na nyama wa pori. Mwaka 1871, akiwa na miaka 19, alishuka Afrika ya Kusini, na bunduki nzuri aliyokuja nayo ikaibiwa. Basi akanunua mbili za bei ndogo, nzito, za kushindilia baruti kwa mdomo, ambazo risasi yake moja ilipita gramu 100.

Mwaka 1872 alikwenda kwa Lobengula, mfalme wa Wandebele, katika nchi inayoitwa leo Zimbabwe, kuomba ruhusa ya kuwinda tembo. Mfalme alimcheka kwa kuwa alimwona mtoto tu, lakini akamruhusu. Muangalie hapa, wandugu: pori lilikuwa na mwenyewe, na mgeni aliomba kwanza. Hata kwetu wazee wanajua kwamba chifu iko na sehemu yake katika nyama.

Fasi zenye mbung'o farasi hufa, kwa hiyo aliwinda kwa miguu. Kwa miaka mitatu, 1872 mpaka 1874, aliua tembo 78. Lakini bunduki zile zilimwadhibu. Siku moja mbebaji wake alikosea akashindilia baruti mara mbili. Selous alipofyatua, alirushwa juu, akaanguka uso mchangani, kitako cha bunduki kikapasuka na shavu lake likachanika. Yeye mwenyewe alikiri baadaye kwamba bunduki zile ziliharibu mishipa yake, akawa anashtuka kabla ya kufyatua, na mwenye kushtuka hukosa. Alikuwa maarufu kuliko wawindaji karibu wote wa wakati wake, na bado alisema wazi kwamba si mlengaji hodari. Katika kitabu chake cha mwaka 1881 aliandika pia habari za nyama aliowajeruhi wakaenda zao. Wangapi kati yetu tunaosimulia nyama tuliowakosa?

Kumbe dawa yake ilikuwa miguu. Alitembea, akafuata nyayo, akakaribia sana ndipo akafyatua. Risasi ya mviringo, katika mtutu usio na mifereji ndani, haizunguki sawasawa. Kwa karibu inakwenda vizuri, kwa mbali inapotea upande na nguvu inapungua haraka. Ndivyo ilivyo bunduki ya mjomba vilevile. Siku ya posho iliyofuata, mjomba aliweka kopo juu ya kichuguu, kila mmoja akapewa risasi mbili kwa kila umbali. Kwa hatua 20 tulipata tano katika sita. Kwa hatua 40, mbili. Kwa hatua 60, hata moja. Yule swala alikuwa zaidi ya hatua 60, na jua lilikuwa limekwisha. Mjomba hakutuhubiria, aliokota kopo lake akaenda.

Kuna kipimo kingine, cha hesabu, na hapo Selous na wenzake walishindwa. Kufika karibu 1880 tembo wa nchi ile walikuwa wamepungua hata biashara ya pembe haikulipa tena, naye akageukia kukusanya nyama kwa ajili ya majumba ya makumbusho. Mwaka 1883 Lobengula alifanya kesi juu ya viboko waliouawa, na Selous alitozwa faini ingawa alikana kabisa.

Mwaka 1888 alivuka Zambezi akitaka kufika Garenganze, ndiyo nchi hii yetu, wakati Msiri alipokuwa akitawala Bunkeya. Hakufika. Usiku Waila walishambulia kambi yake, watu wake 12 wakafa, naye akatoroka peke yake na bunduki moja. Hata hiyo iliibiwa njiani. Alirudi kusini kwa miguu.

Jambo moja hatutalificha. Mwaka 1890 yeye ndiye aliyeongoza njia ya msafara wa Rhodes, na mwaka 1893 alipigana katika vita iliyomwangusha Lobengula, mfalme yule yule aliyempa ruhusa ya pori. Kwa hilo hatumsifu.

Mwaka 1909 alisafiri katika meli moja na Roosevelt, aliyekuwa rais wa Marekani, mpaka Mombasa, baada ya kumsaidia kupanga safari yake ya kuwinda. Mwaka 1915, akiwa na miaka 63, aliingia jeshini kupigana na Wadachi Afrika ya Mashariki. Tarehe 4 Januari 1917, karibu na mto Rufiji, fasi inayoitwa Beho Beho, risasi ya adui ilimpata kichwani. Alizikwa palepale. Pori kubwa la Tanzania lilipewa jina lake, na tangu 2019 sehemu yake kubwa, pamoja na kaburi lile, ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere.