Franz Boas, Mtu Aliyepima Vichwa



Sote tumesikia habari za Mtume Paulo aliposimama Areopago na kuwafundisha Waathene ya kwamba mataifa yote ya wanadamu yametoka kwa mmoja. Hata hivyo kwa miaka mingi walikuwako watu waliolisikia neno hilo Jumapili, na ilipofika Jumatatu wakaamini kwamba wanadamu waliumbwa kwa madaraja. Mwezi huu tumeona vema kuwaletea maisha ya mtaalamu ambaye hakuwa mhubiri wala Mkristo, lakini alitumia umri wake kuuchunguza uongo huo.

Franz Boas alizaliwa tarehe 9 Julai 1858 katika mji wa Minden, Ujerumani, katika nyumba ya Wayahudi. Mwaka 1881 alipata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Kiel, akiwa ameandika juu ya rangi ya maji. Miaka miwili baadaye alisafiri mpaka kisiwa cha Baffin, kaskazini mwa Kanada, ili achore ramani. Huko alikaa karibu mwaka mzima pamoja na Wainuiti. Katika giza na baridi ile, msomi wetu alikuwa kama mtoto mchanga. Nguo za ngozi, nyama, njia ya kupita juu ya barafu, vyote alivipata kwa wenyeji. Aliporudi, alikuwa amekwisha kujiuliza ni nani hasa astahiliye kuitwa mstaarabu.

Baadaye alihamia Marekani, na mwaka 1899 akawa profesa katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Siku zile wataalamu wengi walifundisha kwamba umbo la kichwa ni alama ya kudumu ya kila mbari, yaani watu wa rangi na asili moja, na kwamba alama hiyo huonyesha nani ana akili na nani hana. Boas hakutaka kubishana kwa maneno matupu. Kuanzia mwaka 1908, kwa kazi ya tume ya serikali, yeye na wasaidizi wake waliwapima wahamiaji na watoto wao wapatao 18,000. Wakaona kwamba watoto waliozaliwa Marekani walitofautiana kwa umbo la kichwa na ndugu zao waliozaliwa Ulaya, ingawa baba na mama ni wale wale. Wataalamu wa baadaye wamezirudia hesabu hizo na kubishana juu ya ukubwa wa tofauti. Lakini swali alilouliza Boas lilibaki: kama umbo laweza kubadilika kwa kubadili makao, litakuwaje hati ya kumhukumu mtu?

Mwaka 1906 W. E. B. Du Bois alimwalika kuzungumza na vijana weusi waliomaliza masomo katika Chuo Kikuu cha Atlanta. Boas aliwaeleza jinsi Waafrika walivyoyeyusha chuma tangu kale, masoko yao, na falme zao kubwa. Du Bois mwenyewe, msomi mkubwa, alistaajabu, kwa maana hakuna shule iliyokuwa imemfundisha hayo.

Lakini hatutaki kumfanya mtu huyu malaika. Katika ujana wake alichukua mifupa kutoka makaburi ya Wahindi Wekundu. Na mwaka 1897, alipokuwa akifanya kazi katika jumba la makumbusho la New York, aliomba aletewe Mwinuiti mmoja kutoka Greenland. Mpelelezi Peary akaleta sita. Wanne wakafa kwa ugonjwa katika muda mfupi. Mmoja wao, Qisuk, alikuwa na mtoto mdogo jina lake Minik. Mtoto huyo alifanyiwa maziko ya uongo, huku mifupa ya baba yake ikiwekwa katika jumba lile, na Boas baadaye aliitetea hila hiyo. Mifupa ya wale wanne haikurudishwa kwao kuzikwa mpaka mwaka 1993. Basi mtu aliyeutetea usawa wa wanadamu wote alishindwa kumwona yatima mmoja aliyekuwa mbele yake.

Mwaka 1924 Marekani ilipitisha sheria ya kuwazuia wahamiaji wengi wa kusini na mashariki ya Ulaya, ingawa Boas aliipinga. Mwaka 1933 vitabu vyake vilichomwa moto huko Ujerumani. Hakunyamaza. Tarehe 21 Desemba 1942, akiwa mezani pamoja na wataalamu wenzake huko Columbia, alianguka akafa, umri wake miaka 84.

Tangu hapo wataalamu wa urithi wamechungua mpaka ndani ya damu. Mwaka 1972 Richard Lewontin alionyesha kwamba karibu asilimia 85 ya tofauti za urithi zinapatikana kati ya watu wa kundi moja. Zinazoyatenga makundi ni sehemu ndogo tu.

Nasi tusiseme kwamba mambo haya ni ya Wazungu peke yao. Mchumba anapoletwa nyumbani, swali letu la kwanza ni lipi? Tunauliza habari za tabia yake, au tunauliza kabila lake? Na yule mgeni aliyekaa peke yake benchi la nyuma Jumapili iliyopita, nani kati yetu alimsalimu?