Sir William Mackinnon: Mwenye Meli na Ramani ya Mlima Kenya

Utangulizi

Mito ya Rupingazi, Thuci, Nithi na Mutonga huteremka kutoka Mlima Kenya, hupita katika mashamba ya Waembu, Wachuka na Wameru, kisha maji yake hujimimina katika mto Tana na kuishia Bahari ya Hindi. Mwaka 1886, wajumbe wa Uingereza na Ujerumani waliufuata mto huo kwa kalamu juu ya ramani, wakaugeuza mpaka. Hakuna mzee wa Njuri Ncheke wala wa kiama cha Waembu aliyeulizwa. Miaka miwili baadaye, idhini ya kutawala upande wa kusini wa mpaka huo ilikabidhiwa kampuni ya biashara iliyoongozwa na Mskoti aliyeanza kazi kama mwanagenzi wa duka la vyakula. Huyo ndiye William Mackinnon. Wasafiri wa barabara ya Nairobi na Mombasa huliona jina lake katika mji mdogo wa Mackinnon Road, ila ni wachache wanaojua mwenye jina alikuwa nani. Makala haya yanayafuatilia maisha yake na kuonyesha jinsi mtu wa meli alivyokuja kugusa hatima ya watu wa mlimani wasiokuwa na bahari.

Malezi na Safari ya Bara Hindi

Mackinnon alizaliwa tarehe 31 Machi 1823 katika mji wa Campbeltown, kwenye rasi ya Kintyre, magharibi mwa Uskoti. Baada ya kujifunza kazi ya duka mjini kwao, alihamia Glasgow, akaajiriwa katika ghala la hariri na baadaye katika ofisi ya mfanyabiashara aliyeshughulika na Ureno. Mwaka 1847 alisafiri hadi Bara Hindi na kuungana na Robert Mackenzie, ambaye walisoma naye utotoni. Wawili hao walifanya biashara katika Ghuba ya Bengal, na ubia wao ukajulikana kama Mackinnon Mackenzie. Mackenzie alikufa maji mwaka 1853, lakini jina lake halikufutwa katika ubao wa kampuni.

Mwaka 1856 ulikuwa wa mabadiliko makubwa. Mackinnon alimwoa Janet Colquhoun Jameson, ambaye hawakujaliwa mtoto, na mwaka huohuo akaanzisha kampuni ya meli za mvuke kati ya Calcutta na Burma. Mwaka 1862 kampuni hiyo ilipewa jina la British India Steam Navigation Company. Siri ya ufanisi wake ilikuwa mkataba wa barua. Serikali ililipa ada maalumu ili barua zifike kwa ratiba, mizigo iwepo au isiwepo. Malipo hayo ya hakika yalimwezesha Mackinnon kuagiza meli mpya pasi na kungoja faida ya msimu.

Meli hizo zilitoka wapi? Nyingi ziliundwa kando ya mto Clyde, karibu na alikozaliwa. Karakana ya William Denny na Ndugu, iliyokuwa Dumbarton, ilimuundia meli nyingi mno. Peter Denny, kiongozi wake, alikuwa na desturi ya kununua hisa katika kampuni za wateja wake, hivi kwamba muundaji na mwenye meli walikuwa wabia pia. Fauka ya hayo, mafundi wa Clyde walikuwa wamebuni mitambo iliyotumia mvuke uleule mara mbili, hivyo kupunguza makaa yaliyochomwa na kuacha nafasi kubwa zaidi ya shehena. Mfereji wa Suez ulipofunguliwa mwaka 1869, majahazi makubwa ya matanga ya Ulaya yalishindwa kunufaika nao, ilhali meli za mvuke zilipita moja kwa moja.

Meli Zafika Unguja

Mwezi Desemba 1872, kampuni ya Mackinnon ilianza kupeleka barua kila mwezi kati ya Aden na Unguja. Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, tukio hili lina uzito wa pekee. Wenyeji wa pwani walikuwa na majina tele ya vyombo vya bahari: jahazi, dau, mtepe, mashua, ngalawa na marikebu. Chombo hiki kipya, kilichofuata tarehe badala ya kufuata kaskazi na kusi, kilihitaji jina jingine. Kamusi hulihusisha neno meli na neno la Kiingereza lenye maana ya barua za posta. Kwa hiyo, kila atamkaye neno meli leo, hata akizungumzia meli ya mafuta au ya kivita, anabeba kumbukumbu ya vifurushi vya barua vya karne ya 19.

Mwaka 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kufunga masoko ya watumwa. Mackinnon, mfuasi thabiti wa Kanisa Huru la Uskoti, aliamini kwamba biashara halali ingeua biashara ya watumwa. Aliunga mkono ujenzi wa barabara kutoka Dar es Salaam kuelekea Ziwa Nyasa, kazi iliyoachwa mwaka 1881 baada ya maili 70 hivi kukamilika. Aidha, mnamo mwaka 1877 na 1878 alijadiliana na Barghash ili akodishiwe utawala wa bara kwa muda mrefu. Mazungumzo hayo yaliambulia patupu.

Mwaka 1878 pia ulimletea msukosuko nyumbani. Benki ya Jiji la Glasgow ilianguka, na wafilisi wakamdai Mackinnon, aliyewahi kuwa mkurugenzi wake hadi mwaka 1870, takriban pauni 400,000. Alikataa suluhu ya nje ya mahakama, akapigania jina lake hadi mahakama zikamwondolea lawama kabisa.

Mstari Uliopita Umeruni

Kufikia mwaka 1884, Carl Peters wa Ujerumani alikuwa amekusanya mikataba katika bara la Tanzania ya leo. Mapatano ya mwaka 1886 yalimwachia Sultani ukanda wa pwani wa maili 10 tu, na bara likagawanywa. Mpaka wa kaskazini wa eneo la Uingereza ulifuata mto Tana hadi mahali Ikweta inapokatana na longitudo ya 38 mashariki, kisha ukakata moja kwa moja kuelekea nyuzi 1 kaskazini na 37 mashariki. Yeyote anayeijua nchi hiyo atatambua maana yake. Kituo cha kwanza cha mstari huo kimo katika nchi ya Wameru, karibu na milima ya Nyambene. Mahali ulipo mji wa Meru paliangukia ndani ya eneo la Uingereza, na mahali ulipo mji wa Maua pakabaki nje. Watu wa lugha moja na baraza moja la wazee walitenganishwa na wageni ambao hawakuwa wamewaona. Mapatano mapya ya mwaka 1890 yaliufuta mstari huo kabla haujawahi kuwekewa hata jiwe, lakini ni muhimu kutaja kwamba kufutwa kwake hakukutokana na malalamiko ya wenyeji. Wenyeji hawakujua kama uliwahi kuwepo.

Tarehe 24 Mei 1887 Barghash alikubali hatimaye kumkodishia Mackinnon na wenzake pwani kwa miaka 50. Tarehe 3 Septemba 1888 Malkia Victoria alitoa hati ya kifalme, na Kampuni ya Kifalme ya Kiingereza ya Afrika Mashariki ikazaliwa, Mackinnon akiwa mwenyekiti. Mwaka 1889 alitunukiwa cheo cha baroneti. Mwanzoni mwa mwaka huo, kampuni ililipa fidia kwa wenye watumwa ili zaidi ya watoro 1,400 waliojificha Rabai na vituo vingine vya misheni wapewe hati za uhuru. Hili ni tendo ambalo haki inadai litajwe.

Mnamo mwaka 1891 Kapteni Dundas, afisa wa kampuni, aliupanda mto Tana kwa meli ndogo ya mvuke iliyoitwa Kenia. Msafara wake uliendelea kwa miguu hadi miteremko ya kusini ya mlima. Ndoto ya kuugeuza Tana njia kuu ya biashara haikutimia, kwani mto huo una kina kidogo mahali pengi, na juu zaidi umejaa maporomoko.

Meli Iliyokwenda kwa Miguu

Mzigo ulioilemea kampuni ulikuwa Uganda. Kapteni Lugard alifika Kampala mwezi Desemba 1890. Kutoka Mombasa hadi huko hapakuwa na reli. Kila bunduki, shanga na jora la kitambaa lilibebwa na wapagazi, kila mmoja akichukua ratili 60 hadi 70, na gharama ilimeza faida yote. Mackinnon aligharimia barabara ya magari ya ng'ombe kutoka Mombasa kuelekea Busia, iliyoanzwa mwaka 1890. Mwaka huohuo kampuni yake iliagiza meli ya Ziwa Viktoria kutoka kwa Bow, McLachlan, kampuni ya uhandisi wa meli ya mji wa Paisley. Meli ilitengenezwa vipande vipande ili ifungashwe, isafirishwe na kuunganishwa upya. Ilipewa jina la William Mackinnon.

Mwenye jina hakuiona ikielea. Kampuni ilikuwa imeishiwa, na mwaka 1891 iliamua kuondoka Uganda, ingawa michango ya marafiki wa misheni iliichelewesha hadi mwisho wa mwaka 1892. Tarehe 1 Aprili 1893 bendera yake iliteremshwa Kampala, ikapandishwa ya Uingereza. Mackinnon alifariki London tarehe 22 Juni mwaka huohuo, akiwa na umri wa miaka 70, akazikwa Clachan, Kintyre.

Mwaka 1895 serikali iliinunua kampuni kwa pauni 250,000, na tarehe 1 Julai ikatangaza Himaya ya Afrika Mashariki. Ikumbukwe kwamba pauni 200,000 kati ya hizo zilitoka Zanzibar. Zilikuwa fedha ambazo Ujerumani ilimlipa Sultani kwa kuitwaa pwani yake ya kusini. Meli nayo ilishushwa majini Kisumu mwaka 1900, zaidi ya mwaka mmoja kabla ya reli kufika hapo. Kampuni ya Bow, McLachlan iliendelea kuunda meli za ziwa hilo, zikiwemo Winifred, Sybil, Clement Hill na Rusinga, hadi ilipofungwa mwaka 1932.

Matokeo Yake Mlimani

Watu wa Embu na Meru waliionja nguvu ya hati ile baada ya Mackinnon kuzikwa. Mwaka 1906 jeshi la Waingereza liliwashambulia Waembu na kuwanyang'anya mifugo. Mwaka 1908 Edward Horne alijenga boma la Meru. Kwa upande mwingine, mwaka 1891 Mackinnon na wenzake walikuwa wamegharimia misheni ya Waskoti huko Kibwezi. Mwaka 1898 misheni hiyo ilihamia Thogoto, mwaka 1908 ikafika Tumutumu, na mwaka 1922 Daktari Clive Irvine akaipeleka Chogoria, ambako hospitali na shule zake zimehudumia vizazi vya Wameru na Waembu. Mkono mmoja, basi, ulichora mpaka na kupanda mbegu ya hospitali. Wa kwanza usihesabiwe haki kwa sababu ya wa pili, wala wa pili usifichwe kwa sababu ya wa kwanza.

Hitimisho

Sanamu ya Mackinnon iliyosimama Mombasa iling'olewa baada ya uhuru, ikarudishwa Uskoti. Waswahili husema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na ndivyo ilivyokuwa kwa sanamu hiyo, iliyorejea kwao kwa njia ileile iliyoileta. Mizani ya maisha yake haiwezi kukamilishwa kwa kumtazama yeye pekee. Upande wa pili wa mizani wamo wapagazi wasiotajwa majina, waliobeba vyuma vya Paisley barani na kukieneza Kiswahili kambi baada ya kambi. Wamo pia wazee wa Umeruni na Embu, waliochorewa mpaka bila kuulizwa. Mackinnon ameandikiwa vitabu na kujengewa sanamu. Wao masimulizi yao yamo vinywani mwa wajukuu zao, na yangali yanangoja kuandikwa.