Aliyeupiga Picha Mji wa Mtume

Muhammad Sadiq Bey, Mungu amrehemu, alikuwa mhandisi wa jeshi la Misri. Mwaka 1861 alikwenda Madina kupima ardhi, akawa wa kwanza kuupiga picha mji wa Mtume. Vioo vya siku hizo vilipakwa dawa, vikapigiwa picha na kusafishwa kabla havijakauka. Kazi nzito katika jua la Hijazi. Kwa picha ya mji alipanda juu ya ghala la silaha, ili msikiti na kiunga cha Manakha vionekane pamoja. Katika Hija ya 1880 aliunganisha picha kadhaa apate upana wa Makka. Mwaka 1881 alituzwa medali ya dhahabu Venice. Alifariki 1902. Nyumba nyingi za zama zile zimekwisha bomolewa. Kwa kuwa alichagua vyema pa kusimama, zingali zaonekana.