Sibelius na Lugha Iliyomfungulia Msitu

Baadhi ya wanafunzi wangu hudai kwamba lugha ambayo mtu hakuinyonya pamoja na maziwa ya mamake haiwezi kamwe kumgusa moyoni. Kila nisikiapo dai hilo humkumbuka Jean Sibelius, mtunzi mashuhuri wa muziki wa okestra.

Sibelius alizaliwa mwaka wa 1865 mjini Hämeenlinna, wakati Ufini ilipokuwa chini ya himaya ya Urusi. Babake, aliyekuwa daktari, alifariki mtoto akiwa na umri wa miaka miwili tu. Nyumbani kwao kilisemwa Kiswidi, lugha ya wasomi na wenye vyeo. Kifini kilidharauliwa na wengi kuwa lugha ya wakulima. Hata hivyo, mwaka wa 1876 mvulana huyo aliingia shule iliyofundisha kwa Kifini.

Mbegu hiyo ilichelewa kuota. Alipokuwa akisomea muziki Vienna ndipo alipozama katika Kalevala, utenzi ambao Elias Lönnrot aliutunga kwa kukusanya nyimbo kutoka vinywani mwa wanavijiji. Humo misitu, maziwa na upepo vina uhai na majina. Matokeo yake yalikuwa Kullervo, kazi iliyompatia sifa Helsinki mwaka wa 1892.

Mwaka huo huo alimwoa Aino Järnefelt, binti wa ukoo uliotetea Kifini. Mwaka wa 1904 walihamia Ainola, nyumba iliyozungukwa na miti karibu na ziwa Tuusula. Mwaka wa 1909 alipanda kilima cha Koli, na ukiwa wa mawe yake ukaacha alama katika Simfoni ya Nne. Mwezi wa Aprili 1915 aliona ndege 16 weupe, wenye shingo ndefu, wakizunguka angani; furaha aliyoipata inasikika katika pembe za shaba za Simfoni ya Tano. Hatimaye, mwaka wa 1926, alitunga Tapiola, yaani makao ya Tapio, mungu wa msitu katika Kalevala. Humo okestra nzima huvuma mfano wa dhoruba.

Baada ya hapo alinyamaza, isipokuwa kwa vipande vidogo vidogo. Katika miaka ya 1940 alitia miswada yake kadhaa motoni. Alifariki mwaka wa 1957, akiwa na umri wa miaka 91.

Sibelius hakukitupa Kiswidi. Shajara yake aliiandika kwa lugha hiyo, na nyimbo zake nyingi zina maneno ya Kiswidi. Alichofanya ni kuongeza, wala si kupunguza.

Kwa hivyo, walimu wenzangu, tusiishie kwenye ngeli na viambishi. Sarufi pekee isingalimfikisha Sibelius msituni. Alifikishwa huko na ushairi wa watu. Tuwape wanafunzi wetu ushairi huo mapema, kwani hatujui ni yupi miongoni mwao atakayeusikia upepo ukimwita kwa jina.